Maneno Mia Mbili

Siku ya kwanza alitupokonya vivumishi.
Daktari Nasambu Khaoya, kalamu nyekundu sikioni kama seremala,
alipita meza hadi meza akifyeka:
"muhimu sana", fyu. "Tangu zama za kale", fyu, fyu.
"Mfadhili hana zama," akasema. "Ana dakika nne,
maombi mia tatu, na chai inayopoa."

Tulikuwa kumi na mmoja, wahadhiri wasaidizi,
ghorofa ya juu ya maktaba, Kakamega,
wenye shahada ndefu na mishahara inayokawia,
tunaosahihishia mitihani kitandani.

Mimi niliandika: "Kupungua kwa mavuno
miongoni mwa jamii lengwa."
Akasimama nyuma yangu.
"Jamii Lengwa. Anaishi wapi huyo? Ana shamba?"
Watu wakacheka. Obuya wa Hisabati akacheka kupita wote,
yeye ambaye pengo lake la maarifa lilikuwa pana
kiasi cha kupitisha trekta la miwa.

Saa nane mvua ikaja, mvua ya huku isiyobisha hodi,
ikashukia mabati, somo likakatika.
Daktari akaandika ubaoni neno moja: ANDIKENI.

Basi nikamwandika shangazi yangu Akeyo, wa Alego,
anavyoamka na kukuta shamba limechanua zambarau,
zuri kama kitambaa cha altare,
na katikati yake mahindi yamedumaa,
majani yamelegea kama masikio ya mbwa mgonjwa.
Kayongo. Vitabuni ni kiduha.
Halichomozi mpaka limekwisha kula;
ukiliona juu, chini mambo yameharibika.
Nikaandika alivyoling'oa kwa mkono miaka kumi na tisa,
na kila ua likimwaga mbegu laini kama ugoro.
Nikaandika alivyoniuliza siku nilipofuzu,
bila lawama, akinitengeneza kola:
"Umesomea udongo, mwanangu. Huu wangu je?"

Mvua ikanyamaza. Nilikuwa na maneno mia nne.
Fomu inataka mia mbili.

Kwanza likaondoka jina: maadili ya utafiti.
Shangazi akawa mshiriki 014.
Swali lake likawa lengo mahususi la pili.
Bodaboda ya kutoka lami hadi kwake, na tope lake,
ikawa usafiri wa nyanjani, mara ishirini na nne.
Na mwisho wa bajeti chuo kikachukua chake,
kumi na tano kwa mia, gharama za usimamizi.
Nikaguna. Daktari Nasambu akatabasamu kidogo:
"Hilo nalo lina mizizi. Usiling'oe. Lihesabu."

Ijumaa, saa tano na dakika arobaini usiku,
umeme ukapotea mji mzima.
Tukaegemea mtandao wa simu moja, ya Chepkurui,
betri asilimia tisa,
tukituma mmoja mmoja kama watoto wanaovuka mto
wameshikana mashati.
Langu likapita saa sita kasoro dakika tatu.
Jibu: "Ombi lako limepokewa. Usijibu ujumbe huu."

Jumapili nikaenda Alego kumsomea,
nikifasiri kwa Kiluo, nikikwama penye "viashiria".
Alisikiliza akipukuchua mahindi, machache,
akaniuliza yeye yuko wapi humo.
Nikamwekea kidole: 014.
Akaitazama nambari kwa muda,
kama mtu anayemtafuta mbuzi wake sokoni
kwa alama ya sikio.
"Haya," akasema. "Lakini hao wenye pesa,
wao wamewahi kung'oa kitu?"

Sikuwa na jibu. Nililiandika swali pembeni,
kwa penseli,
pale ambapo maneno hayahesabiwi.